Dirisha la Malipo

Utafiti wa matumizi ya kaya wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mtu mzima Tanzania Bara alihitaji shilingi 49,320 kwa mwezi ili akidhi mahitaji ya msingi, na shilingi 33,748 kwa chakula peke yake. Asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa chini ya kiwango hicho cha kwanza, na asilimia 8 chini ya cha pili. Miaka hiyohiyo, kaya iliyoandikishwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) haikuweza kupokea ruzuku ya zaidi ya shilingi 38,000 kwa mwezi. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa, cha kaya nzima, masharti yote yakiwa yametimizwa, na kaya nyingi zilipata pungufu ya hapo.

Tuipigie hesabu kaya moja kwa viwango vya miaka ile. Yumo bibi, yumo binti yake aliyefiwa na mume, na wamo watoto wanne: mmoja bado ananyonya, wawili wapo shule ya msingi, wa nne ni kijana aliyekwisha kuacha shule. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000. Kwa kuwa kaya ina watoto, iliongezewa 4,000. Mchanga akipelekwa kliniki, 4,000 nyingine. Wale wawili wakihudhuria darasani, 2,000 kila mmoja. Jumla ilikuwa 22,000 kwa mwezi, nazo zililipwa kwa mkupuo kila baada ya miezi miwili, dirisha la malipo lilipofunguliwa. Ukizigawa kwa watu sita na siku thelathini, kila mmoja aliangukia shilingi 120 hivi kwa siku.

Anayeitazama hesabu hii ana haki ya kuuliza: fedha kiasi hiki zinampunguzia nani umaskini? Nimeliandikia swali hilo sura nzima kwa sababu ninaamini zinaupunguza kweli, na kwamba ushahidi upo, umekusanywa kwa uangalifu, mwingi wake hapa hapa Afrika Mashariki. Ninaamini pia kwamba tunazidhoofisha fedha hizi kwa mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu kuyarekebisha, na kubwa kuliko yote ni kutokuwa na uhakika wa siku zitakapofika.

Kwanza, kipimo chenyewe. Tathmini ya mpango wa TASAF, iliyolinganisha kaya za walengwa na kaya zinazofanana nazo ambazo zilikuwa bado hazijaingizwa, ilionyesha kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi miongoni mwa walengwa ulipungua kwa asilimia 10, na ule uliokithiri kwa asilimia 12. Wapo waliozisoma takwimu hizo wakavunjika moyo. Kaya kumi maskini zinapokea fedha, na ni moja tu inayovuka mstari! Lakini mstari wa umaskini una tabia moja inayopotosha: unamhesabu aliyevuka, haumhesabu aliyesogea. Kaya iliyokuwa ikitumia shilingi 25,000 kwa kila mtu mzima, ikafika 30,000, bado inaandikwa maskini kama ilivyoandikwa jana. Katika daftari la takwimu hakuna kilichotokea. Ndani ya nyumba kimetokea chakula cha jioni. Ndiyo maana wachumi wana kipimo cha pili, pengo la umaskini, kinachoangalia kila mtu yuko chini ya mstari kwa umbali gani. Ruzuku ndogo zinazopelekwa kwa walio chini kabisa kazi yake kubwa iko hapo, kwenye pengo, na kuzihukumu kwa idadi ya waliovuka ni kuzidai kazi ambayo kiasi chake cha fedha hakikuruhusu.

TASAF ilianza mwaka 2000, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kujenga madarasa, zahanati na visima pamoja na wananchi. Kumpa mtu fedha mkononi kulikuja baadaye, tena kwa tahadhari. Malipo ya majaribio yalianza Januari 2010 katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilichaguliwa, 40 vikaanza kupokea na 40 vikasubiri, na uamuzi wa kipi kianze ulifanywa kwa bahati nasibu ili ulinganisho uwe wa haki. Waliolengwa walikuwa watoto na wazee wa kaya maskini. Kamati za vijiji zilishiriki kuwateua, na hizo hizo ndizo zilizokabidhi malipo.

Walichokipata watafiti kinafurahisha kwa sababu si kile mtu angekitarajia moja kwa moja. Mwanzoni watu walikwenda zahanati mara nyingi zaidi, kama masharti yalivyotaka. Baadaye wakawa wanakwenda mara chache zaidi, na sababu haikuwa uzembe: watoto wadogo walikuwa wakiugua kidogo kuliko wenzao wa vijiji vya kusubiri. Kaya zilikata kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii kwa wingi, kwa hiyo ugonjwa ulipokuja haukuja na deni. Watoto wengi zaidi walikuwa na viatu. Mifugo midogo, hasa kuku, iliongezeka.

Kadi ya bima, viatu, kuku. Yote matatu ni kinga. Kadi inakinga dhidi ya siku ya homa, viatu dhidi ya minyoo na miba, kuku dhidi ya siku ambayo hakuna hata senti ndani. Anayedhani maskini hana mpango wa kesho aziangalie kaya hizo. Umaskini hauui akili ya kupanga, unachokiua ni nafasi ya kupanga, na shilingi chache zinazorudi kila miezi miwili zinaifungua nafasi hiyo kwa kiasi fulani.

Kagera ilikuwa imeonyesha jambo hilo hata kabla ya TASAF kugawa fedha. Huko Muleba, ambako UKIMWI uliacha bibi na babu wakilea wajukuu waliofiwa na wazazi, mradi mdogo uitwao KwaWazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ya kila mwezi. Kiasi kilikuwa kidogo mno kubadili maisha ya mtu kwa maana ya kuonekana barabarani. Watafiti walipowauliza wazee, vitu vilivyotajwa vilikuwa chumvi, sabuni, viatu vya shule. Mtu mwenye mshahara anaweza kuvipita vitu hivi bila kuviona. Lakini bibi asiye na chumvi huenda kuiomba kwa jirani, na anayeomba chumvi leo na sabuni kesho hufika mahali akaanza kukwepa macho ya watu. Kipo kiwango cha umaskini ambacho kinamtoa mtu katika ujirani, haendi msibani kwa kuwa hana cha kuchangia, hakai kwenye vikao kwa kuwa neno lake halisikilizwi. Fedha ndogo ya uhakika humrudisha. Dodoso la matumizi ya kaya halina safu ya kuliandika hilo, na kwangu mimi ni miongoni mwa matunda makubwa ya mipango hii.

Kuhusu bibi, kuna utafiti wa Afrika Kusini usiosahaulika. Pensheni ya wazee ilipopanuliwa kwa Waafrika weusi miaka ya mwanzo ya 1990, mchumi Esther Duflo aliangalia uzito na urefu wa watoto waliokuwa wakiishi na wazee wanaolipwa. Pensheni ikipokewa na bibi, afya ya wajukuu wa kike iliboreka waziwazi. Ikipokewa na babu, hapakuonekana badiliko la namna hiyo. TASAF huwapa wanawake kipaumbele katika kupokea ruzuku, na wapo wanaume wanaolalamika kwamba wanadhalilishwa majumbani mwao. Ninawaelewa, lakini mizani ya watoto imekwisha kusema.

Sasa tuvuke mpaka twende Siaya, magharibi mwa Kenya, kwa sababu hakuna mahali Afrika ambako swali letu limechunguzwa kwa kina kama kule. Kati ya mwaka 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly lilizipa zaidi ya kaya 10,000 karibu dola 1,000 kila moja, shilingi 87,000 za Kenya hivi, zikatumwa kwa M-Pesa kwa awamu, bila masharti yoyote. Kigezo kilikuwa kimoja na kila mtu alikiona kwa macho: nyumba ya kuezekwa kwa nyasi. Vijiji 653 vilihusika, vingine vikipokea na vingine visipokee. Fedha zilizoingia zilifikia zaidi ya asilimia 15 ya uchumi mzima wa maeneo yale.

Hofu ya kwanza ya kila mwenye duka la mawazo ya uchumi ni mfumuko wa bei. Ukimwaga fedha kijijini, sukari itapanda, na asiyepokea ataumia mara mbili. Kundi la watafiti, wakiwemo Edward Miguel na Paul Niehaus, lilikusanya bei za bidhaa sokoni mwezi hadi mwezi. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Na waliopata nafuu hawakuwa wapokeaji pekee: kaya zilizokuwa karibu, ambazo hazikupewa kitu, nazo ziliongeza matumizi yake karibu sawa na zilizopewa. Watafiti walikadiria kwamba kila dola iliyoingia ilizaa shughuli za kiuchumi zenye thamani ya dola 2.5 hivi.

Imewezekanaje? Jibu liko kwenye biashara ndogo za vijijini kwetu, na anayezijua hatashangaa. Mwenye duka anafungua asubuhi, anakaa hadi jioni, wateja wake wanahesabika. Mashine ya kusaga inanguruma saa mbili kwa siku, saa nyingine imezimwa ikingoja mahindi. Fundi mwashi ana zana na ana nguvu, hana wa kumpa kazi. Wote hawa wana uwezo uliolala. Mnunuzi akija na fedha, hawahitaji kupandisha bei ili wamhudumie, wanahitaji tu kusimama na kufanya kazi. Aliyeezeka nyumba yake bati amemlipa fundi, fundi amenunua nyama, mchinjaji amelipa ada ya mwanawe. Umaskini wa kijiji, kwa sehemu kubwa, ni ukosefu wa wanunuzi, na hilo ndilo jambo ambalo miradi mingi ya kuwafundisha maskini ujasiriamali hulisahau. Inawafundisha watu wote kuuza bila kuuliza nani atanunua.

Matokeo mengine ya Siaya yalitolewa mwaka 2025, na nilipoyasoma mara ya kwanza niliyarudia. Watafiti walirudi kuhesabu vizazi na vifo vya watoto katika vijiji vile. Kaya ilipopokea fedha karibu na wakati wa kujifungua, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48. Karibu nusu! Akina mama wengi zaidi walijifungulia hospitali, na katika miezi ya mwisho ya ujauzito na ile ya kwanza baada ya kujifungua walipunguza sana kazi, wakapumzika. Lakini matokeo haya yalikuwa makubwa zaidi kwa kaya zilizo karibu na kituo cha afya chenye daktari. Fedha zilimfikisha mama hospitali. Kilichomwokoa mtoto ni fedha pamoja na hospitali.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa fedha taslimu wanaozungumza kana kwamba serikali ingeweza kufunga zahanati, ikagawa bajeti yake kwa simu, mambo yakanyooka. Ruzuku humfikisha mtoto darasani, haimletei mwalimu. Humlipia mama nauli ya pikipiki hadi zahanati, na akikuta kabati la dawa tupu, nauli imepotea. Mahali ambapo huduma ni mbovu, ruzuku inabeba lawama isiyo yake.

Masharti nayo yanasimama juu ya suala hilohilo. Wazo la kumlipa maskini kwa sharti la kupeleka watoto shule na kliniki lilipata umaarufu kutoka Mexico, iliyoanzisha mpango wake mwaka 1997, kisha Brazil na Bolsa Família mwaka 2003. Tanzania ililichukua: kaya isiyotimiza sharti hukatwa sehemu ya ruzuku. Sipingi sharti lenyewe. Katika utafiti wa Zomba, Malawi, wasichana waliopewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule walihudhuria zaidi ya wale waliopewa bila sharti. Ila utafiti huohuo ulikuta kwamba miongoni mwa wasichana waliokwisha kuacha shule, waliopokea bila sharti waliolewa kwa uchache na kupata mimba kwa uchache, kwa kuwa fedha iliendelea kuwafikia hata nje ya darasa. Sharti lilimsaidia aliye karibu na shule likamwacha aliye mbali nayo, na aliye mbali ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Sioni haki ya kumkata mama shilingi 4,000 kwa kukosa kliniki ikiwa kliniki yenyewe ni mwendo wa saa tatu na mto umejaa.

Kabla ya kurudi kwenye suala la uhakika, niseme juu ya pombe na uvivu, kwa kuwa hakuna mazungumzo ya TASAF kwenye daladala ambayo hayafiki huko. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilizoangalia kama wapokeaji wa ruzuku hunywa na kuvuta zaidi. Hawaongezi. Kwa jumla matumizi hayo hayabadiliki au hupungua kidogo. Wengine, akiwemo Abhijit Banerjee, walichambua upya mipango saba ya serikali katika nchi sita, wakitafuta dalili kwamba watu huacha kazi wakipewa ruzuku. Hawakuipata. Mlevi yupo, kila kijiji kinamjua kwa jina, na alikuwepo kabla ya ruzuku. Mpango unaowahudumia mamilioni hauwezi kuamuliwa kwa habari za mtu mmoja kilabuni. Kuna aina moja tu ya kupunguza kazi iliyoonekana wazi Siaya, ile ya mama mjamzito kupumzika, na sidhani yupo atakayeiita uvivu.

Turudi kwenye uhakika. Mwaka 2018, pia nchini Kenya, GiveDirectly ilianza jaribio lingine, safari hii kwa kuwapa watu wazima wote wa kijiji, maskini na asiye maskini. Vijiji 44 viliahidiwa senti 75 za dola kwa kila mtu kwa siku, kwa miaka 12. Vijiji 80 vilipewa kiasi hichohicho kwa miaka miwili tu. Vijiji 71 vilipewa kwa mkupuo kiasi kinacholingana na hiyo miaka miwili. Baada ya miaka miwili kupita, watafiti walikuwa na nafasi adimu: makundi mawili ya kwanza yalikuwa yamepokea fedha sawasawa, mwezi kwa mwezi, shilingi kwa shilingi. Tofauti ilikuwa ahadi peke yake.

Na ahadi ilifanya kazi. Walioahidiwa miaka 12 walianzisha na kukuza biashara kuliko wale wa miaka miwili, wakawa karibu na waliopewa mkupuo. Namna walivyofanya inaeleweka kwa kila Mswahili: walijiunga kwenye vyama vya kupeana kwa zamu, kile tunachokiita upatu au mchezo, wakazigeuza senti za kila mwezi kuwa mtaji wa mara moja. Aliyejua fedha zitaendelea kuja kwa miaka kumi na zaidi aliweza kukaa kwenye duara na wenzake na kuahidi mchango, nao wakamwamini. Wa miaka miwili hakuthubutu kwa kiwango kilekile. Mchezo hauchezwi na mtu asiyejua mwezi ujao atakuwa na nini.

Ukiisoma Tanzania na Kenya kwa jicho hilo, unaona tunakopoteza. Mpango wa Inua Jamii wa Kenya unawafikia zaidi ya watu milioni moja, wazee, watu wenye ulemavu mkali na walezi wa yatima, na kila mara habari zake zinapotangazwa zinahusu malimbikizo: malipo ya miezi kadhaa yaliyochelewa, kisha yanalipwa kwa pamoja. Kwa mhasibu wa hazina hakuna kilichopotea, mzee amepata shilingi zake zote. Kwa mzee aliyekopa unga dukani akisubiri, sehemu ya fedha hiyo si yake tena. Hakuna mchezo utakaompokea mwanachama ambaye mchango wake unategemea hazina imeamkaje. Ninathubutu kusema kwamba ruzuku ya shilingi 20,000 inayofika tarehe ileile kila mwezi ina thamani kubwa kuliko ya 25,000 inayofika ikitaka.

Kuchelewa kuna ndugu yake wa kimyakimya, ambaye ni bei. Shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi zimebaki 2,000 kwa zaidi ya muongo mmoja. Unga haukubaki ulivyokuwa, wala mafuta ya kupikia. Hakuna bunge lililosimama likapitisha azimio la kupunguza ruzuku ya wazee, lakini imepunguzwa kila mwaka, na mpokeaji ndiye aliyeuona muswada huo sokoni. Ingetosha kuandika kwenye kanuni kwamba kiasi kitapandishwa kila mwaka kufuata bei za vyakula. Mishahara ya wakubwa hupitiwa. Ruzuku ya bibi nayo ipitiwe.

Tatizo la nani aandikishwe ni gumu zaidi, na sitadai lina suluhisho safi. TASAF huchagua kwa hatua: maeneo kwanza, kisha mkutano wa kijiji unaotaja kaya zake maskini, kisha dodoso la mali na hali ya nyumba linaloamua kwa alama. Kila hatua ina busara yake na kosa lake. Mkutano wa kijiji unajua nani analala njaa, lakini pia una ndugu wa mwenyekiti. Dodoso halina ndugu, lakini linaweza kumkata mjane kwa sababu marehemu mumewe aliacha bati. Mwaka 2016 uhakiki uliofanywa kwa agizo la Rais Magufuli uliondoa maelfu ya waliobatizwa kaya hewa. Humo walikuwemo waliofariki, waliohama, na wasiostahili tangu mwanzo, pamoja na baadhi ya wanakamati waliojiandikisha wenyewe. Usafi ule ulihitajika. Lakini kelele zote zilihusu aliyeingia bila kustahili, hazikumhusu aliyestahili akaachwa nje, ambaye ni wa idadi kubwa zaidi. Mpango ulipofikia kaya milioni 1.1, watu wapatao milioni tano, maskini wa nchi walikadiriwa kuwa milioni 14. Hata orodha ingekuwa safi kama karatasi mpya, wengi wangebaki nje.

Ndiyo maana neno kuhitimu, linalopendwa sasa na watunga mipango, linanipa wasiwasi linapotumiwa kwa kila mtu. Lina msingi wake. Mfano wa shirika la BRAC la Bangladesh, unaoipa kaya mnyama au mtaji, mafunzo, akiba na mtu wa kuitembelea, ulijaribiwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha faida zilizodumu hata mwaka mmoja baada ya msaada kwisha. Kwa kijana mwenye nguvu, kwa mama wa miaka 30 aliyekosa mtaji tu, hiyo ndiyo njia, pamoja na ajira za muda ambazo TASAF hutoa kipindi cha hari, akiba ya ndani inapokuwa imekwisha na mavuno hayajaiva. Lakini mzee wa miaka 78 anayelea wajukuu anahitimu kwenda wapi? Kumwondoa kwenye orodha ili nafasi yake apewe mwingine, kisha kumhesabu kama mafanikio ya mpango, ni kumtwisha yeye uhaba wa bajeti.

Zanzibar ilichukua uamuzi mwingine. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 anastahili pensheni jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, ikilipwa na Serikali ya Mapinduzi kutoka bajeti yake yenyewe. Hakuna dodoso la bati wala mkutano wa kumjadili mzee na umaskini wake; kinachohitajika ni umri na ukaazi. Watasema fedha nyingine zinawafikia wasio na shida, na ni kweli. Lakini wazee waliosahauliwa ni wachache, gharama ya kuchuja imeondoka, na mtu aliye na miaka 69 anajua atakachopata mwakani, akaweza hata kuahidi mchango wa upatu kwa tarehe hiyo. Afrika Kusini ilianzia upande wa pili wa umri. Mwaka 1998 ilianza kuwalipa walezi wa watoto wa familia zenye kipato kidogo, randi 100 kwa mwezi, kwa watoto walio chini ya miaka saba tu, kisha ikapandisha umri hatua kwa hatua hadi kufika miaka 18. Tanzania Bara na Kenya zinaweza kuanzia upande wowote kati ya hizo mbili, kwa kiasi chochote ambacho hazina inaweza kukitoa kila mwezi bila kukosa.